Sadaka Inayoliwa na Kutu

Visima vingi vya Kaskazini Mashariki mwa Kenya vina majina ya watu. Msafiri anayetoka Garissa kuelekea Dadaab, au anayepanda hadi Habaswein na Wajir, hukuta tangi lililoinuliwa kwenye miguu ya chuma, birika refu la saruji la kunyweshea ngamia, na ukutani kibao kidogo: kisima hiki ni sadaka jariya kwa ajili ya marehemu fulani, kimechimbwa na watoto wake. Watoto wenyewe huenda wako Eastleigh, Dubai au Minneapolis. Mchungaji anayesubiri zamu husoma lile jina, humwombea mwenyewe rehema, kisha husogeza wanyama wake majini. Dua hiyo fupi ndiyo malipo pekee aliyoyataka mtoaji.

Imani hii ina mizizi mirefu. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume anafundisha kwamba amali za mtu hukatika akifa, isipokuwa kwa njia tatu, na ya kwanza kati ya hizo ni sadaka inayoendelea. Neno jariya lenyewe lina maana ya kitu kinachotiririka. Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina na kukiachia watu wote wanywe, na tangu hapo kisima kimekuwa kielelezo cha sadaka ya aina hii. Katika nchi ambayo misimu 5 ya mvua ilifululiza kukosa kati ya 2020 na 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya, hakuna anayehitaji kufafanuliwa kwa nini maji yawe sadaka ya kwanza.

Swali lisilosikika sana mimbarini ni hili: sadaka hiyo inakuwaje siku bomba linapotoboka?

Swali hili halitoki kwa mtu anayewatafutia wafadhili makosa. Linatoka ndani ya imani yenyewe. Ikiwa thawabu imefungwa kwenye kutiririka, basi kila kinachozuia maji yasitiririke kinaigusa thawabu hiyo, na miongoni mwa vizuizi vyote hakuna kilicho kimya kama kutu.

Chuma hakikuzaliwa chuma. Ardhini hukaa kama jiwe jekundu, kimeshikana na oksijeni, kimetulia. Tanuri ndiyo hukitenganisha kwa moto mkali, na tangu siku hiyo hutafuta njia ya kurudi kilikotoka. Kikipata maji na hewa pamoja, hurudi: huwa tena unga mwekundu. Safari hiyo huandamana na umeme mdogo sana unaopita kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa urahisi kuliko maji baridi. Ndiyo sababu chumvi huipa kutu mbio.

Hapo ndipo Garissa inapoyadanganya macho. Chuma kilicho wazi hakishiki kutu kwa kasi mpaka unyevu wa hewa ukaribie asilimia 60 au uizidi, na mchana hewa ya huku mara nyingi iko chini ya hapo. Mtu aliyezoea Lamu au Mombasa, ambako upepo wa bahari hula mabati na nondo za madirisha, akija huku huona chuma kana kwamba kimesamehewa. Bodi la lori lililoachwa kando ya barabara hupauka rangi kwa jua, lakini ukiligonga linalia. Mtu huondoka akiamini kwamba kutu ni balaa la watu wa pwani.

Kumbe kutu ya nchi kavu iko chini. Hazina ya maji ya Merti, inayoanzia upande wa Isiolo na kupita Habaswein na Dadaab hadi Liboi na kuingia Somalia, imezinywesha kambi za Dadaab tangu wakimbizi walipoanza kufika mwaka 1991. Visima vyake hushuka zaidi ya mita 100. Katikati ya hazina hiyo maji ni matamu, lakini pembezoni yana chumvi. Mjini Wajir, watu wamekunywa maji ya chumvichumvi ya visima vifupi kwa vizazi vingi. Bomba la chuma lililozamishwa katika maji ya namna hiyo huishi maisha ambayo hakuna anayeyaona. Juu, tangi linang'aa na kibao kinasomeka. Chini, ukuta wa bomba unapungua.

Siku ya kuling'oa ndiyo siku ya kujua. Mafundi husimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya mdomo wa kisima, wakavuta bomba moja baada ya jingine na kulifungua kila moja kwa spana mbili zinazokinzana. Mabomba ya kwanza hutoka yakiwa mazima. Kisha huja moja lenye vidonda vya rangi ya kahawia, na fundi akilikwaruza kwa ukucha, magamba hubanduka kama gome la mti mkavu. Hulipiga kwa spana. Bomba zima hulia kwa sauti inayobaki hewani. Lililoliwa hutoa sauti bubu, inayokufa papo hapo. Pengine tundu lenyewe ni dogo kama tundu la sindano, na maji yamekuwa yakirudi kisimani humo humo huku pampu ikihangaika mchana kutwa. Ikiwa kilichotoboka ni lile bomba pana linaloshikilia kuta za kisima, mchanga huingia na kuisaga pampu.

Wanaotazama husema: kadari ya Mungu. Ni kweli. Lakini kauli hiyo hutegemea inasemwa mahali gani. Mwaka 639 Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari za tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda, mmoja wa masahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu kwa mfano ambao mfugaji yeyote wa Garissa angeuelewa kabla haujamalizika: mtu ana ngamia, mbele yake kuna bonde lenye malisho na bonde kame. Akiwapeleka kwenye malisho, amekwenda kwa kadari. Akiwapeleka kwenye ukame, amekwenda kwa kadari vilevile. Mfano huo hauondoi kadari. Unaondoa kisingizio. Kwamba chuma kitarudi udongoni, hiyo ni sheria ambayo Muumba ameiweka ndani ya chuma. Kwamba kimerudi katika mwaka wa 4 badala ya wa 25, tena katikati ya kiangazi, wakati kisima kinachofuata kiko mwendo wa siku nzima, hilo lina watu ndani yake.

Kila Ijumaa, katika misikiti ya Garissa na nyumbani, wanaosoma Sura ya al-Kahf hufika kwenye habari za Dhulqarnain, aliyeombwa na watu dhaifu awajengee kizuizi. Akaagiza vipande vya chuma, vikapulizwa moto mpaka vikawaka, kisha ikamiminwa juu yake shaba iliyoyeyuka. Mhandisi wa leo akisikia habari hiyo husimama kwenye jambo analolijua vizuri. Shaba iliyofunika chuma pande zote huzuia hewa na maji visikifikie. Shaba iliyogusana tu na chuma ndani ya maji ya chumvi hukimaliza, kwa sababu metali mbili tofauti zikiunganishwa majini, moja hujitoa kwa ajili ya nyingine, na baina ya shaba na chuma anayejitoa ni chuma. Fundi anayefunga valvu ya shaba moja kwa moja kwenye bomba la chuma la kisima cha chumvi ameweka vita hapo bila kujua. Kiungo cha plastiki katikati kingeleta suluhu. Sheria hiyo hiyo ikigeuzwa huwa kinga: mwaka 1824 mkemia Humphry Davy aliifunga zinki na chuma kwenye shaba ya matumbo ya meli za kivita za Uingereza ili viliwe badala yake, na mabomba ya leo hupakwa zinki kwa hesabu hiyo hiyo. Zinki hujitoa mhanga. Inapokwisha, zamu ni ya chuma.

Lakini jambo kubwa zaidi katika kisa hicho ni lile Dhulqarnain analolieleza baada ya kumaliza: kwamba kizuizi chake ni rehema ya Mola, na kwamba ahadi ya Mola itakapofika kitasawazishwa na ardhi. Alijua mwisho wa kazi yake, na bado aliijenga kwa namna bora aliyoiweza. Hakuufanya mwisho kuwa sababu ya kujenga ovyo.

Kutu yenyewe si ngeni katika maandiko. Injili ya Mathayo huonya juu ya hazina inayoliwa na nondo na kutu. Kuna hadithi iliyopokewa na al-Bayhaqi, ambayo wanazuoni wengi wameuona mnyororo wake kuwa dhaifu ingawa wahubiri wanaipenda, inayofananisha moyo na chuma kinachoshika kutu kikifikiwa na maji. Mwanazuoni al-Ghazali naye aliueleza moyo kama kioo, katika zama ambazo vioo vilikuwa vya metali iliyosuguliwa, kinachofifia kisiposuguliwa. Waandishi hao wote walitoka kwenye chuma wakaenda kwenye moyo. Safari ya kurudi, kutoka moyoni hadi kwenye chuma, haijafanywa mara nyingi, na ndiyo inayohitajika hapa.

Lugha ya Kiswahili inatupa daraja la kuvukia. Neno ufisadi limetoka katika fasad ya Kiarabu, na wanafalsafa kama Ibn Sina walilitumia neno hilo hilo kwa maana ya kuharibika kwa vitu vya maumbile, walipozungumzia kuzuka na kuharibika. Sisi tumebaki na maana ya wizi wa mali ya umma. Katika bomba la kisima maana hizo mbili hukutana. Kiwango cha kimataifa hutaka chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 kipakwe zinki ya wastani wa mikroni 70, yaani unene wa unywele mmoja. Anayeuza bomba lililopakwa nusu ya hapo ameiba unywele nusu. Sokoni hakuna jicho linaloweza kuuona wizi huo, kwa kuwa bomba jipya linang'aa vilevile. Kutu ndiyo itakayoufichua, miaka michache baadaye, mbele ya mama aliyetembea na punda tangu alfajiri.

Hadithi ya pampu za mikono Afrika nzima ni ushahidi. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kwamba takribani pampu 36 kati ya kila 100 kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Sababu ni nyingi, ila tangu miaka ya 1980 ilikwisha kujulikana kwamba bomba lililopakwa zinki halistahimili maji yenye asidi, yale ambayo kipimo chake cha pH kiko chini ya 6.5. Uganda ilifika mahali mwaka 2016 ikasimamisha matumizi ya mabomba hayo katika pampu za mikono. Mwaka 2022 mtandao ule ulitoa ripoti zilizoonyesha kwamba tatizo bado lipo katika nchi nyingi. Miaka 30 na zaidi watu walijua, na mabomba yakaendelea kuzamishwa.

Sheria ya Kiislamu ina jibu la jambo hili, na ni ajabu jinsi linavyotajwa kwa nadra. Katika fikihi ya wakfu, mapato ya mali iliyowekwa wakfu huanza kutumika kuitengeneza mali yenyewe, kabla hata ya wale waliokusudiwa kunufaika hawajapewa chochote. Wanazuoni wa Kihanafi walisema hivyo hata pale ambapo mtoaji hakuweka sharti hilo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na Kaskazini Mashariki, matengenezo hutoka pale mtoaji alipoelekeza, na asipoelekeza, hutoka katika mapato ya wakfu. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mtoaji alikusudia kitu kidumu, na kitu hakidumu bila kutunzwa. Kwa hiyo matunzo yamo ndani ya nia yake, ameyataja au hakuyataja.

Historia iliwafuata. Zubayda binti Jaafar, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, aliwajengea mahujaji mifereji ya kufikisha maji Makka. Jina lake lipo hadi leo kwa sababu katika karne zilizofuata walitokea watu wa kuizibua na kuitengeneza, wakiwemo Waothmani katika karne ya 16. Kila aliyezibua alikuwa mtoaji wa pili wa sadaka ile ile, ingawa hakuna mahujaji wanaokumbuka majina ya wengi wao.

Majirani wa kaskazini, Waborana, hawakungoja vitabu vya fikihi kulijua hili. Kwenye visima vyao virefu vya kuteka kwa mikono kuna mtu anayeitwa abba herega, baba wa zamu, anayepanga nani anyweshe siku gani na kusimamia usafi na ukarabati wa kisima. Haki ya kunywa na wajibu wa kutunza vimefungwa pamoja. Mtu hapewi kimoja akaachiwa kingine. Mji wa El Wak, huko Mandera, unabeba jina la visima vya Waaq, Mungu wa mbinguni wa Wakushi tangu kabla ya Uislamu. Katika nchi hii maji, Mungu na zamu ya kazi vimekaa mezani pamoja muda mrefu kuliko bomba lolote.

Yupo atakayesema kwamba thawabu iko kwenye nia. Mtoto aliyetuma pesa kwa unyofu amekwisha kuandikiwa yake. Kutu haiwezi kupanda mbinguni ikamfutia. Hoja hii ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Mtoaji hana macho ya kuona mita 120 chini ya Dadaab, naye Mungu hamtwishi mtu asichokiweza. Lakini nia ya kweli huuliza maswali. Anayemnunulia mama yake dawa huuliza inamezwa vipi. Nia inayotoa pesa za kuchimba, ikanunua kibao, ikapiga picha siku ya kufungua, isiulize hata mara moja bomba ni la nini na nani atalipima, imeishia njiani. Na hata kama mtoaji amesalimika, walio karibu hawajasalimika. Al-Ghazali aliziweka kazi za mikono zinazotegemewa na maisha ya watu, kama kilimo na ufumaji, katika fardhi kifaya: zikifanywa na baadhi, wengine wameondolewa mzigo, zikiachwa na wote, wote wana dhambi. Kupima kutu kwenye kisima cha kijiji ni kazi ya namna hiyo.

Tena kuna kutu ambayo mpimaji mwenyewe huikosa. Desemba 15, 1967, Silver Bridge, daraja lililojengwa 1928 juu ya mto Ohio huko Marekani, lilianguka saa ya msongamano na kuua watu 46. Chanzo kilikuwa ufa uliokuzwa na kutu, wa kina cha milimita 2.5 hivi katika kipande kimoja cha chuma, ndani ya kiungo ambacho kisingeweza kuonekana bila kulifungua daraja lenyewe. Huo ni mpaka halisi wa elimu ya binadamu, na mbele yake neno kadari lina heshima yake. Lakini Marekani haikuishia kwenye kuomboleza. Iliweka utaratibu wa kukagua madaraja yote ya taifa kwa ratiba. Kutawakali huanza baada ya ukaguzi.

Kwa visima vya Kaskazini Mashariki, ukaguzi huo si lazima uanze na mashine ghali. Zipo kamera za kuteremshwa kisimani na vipimo vya kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na taasisi kama Wakala wa Maendeleo ya Kazi za Maji wa Kaskazini, wenye makao yake Garissa, ndizo zinazostahili kubeba kazi hiyo. Kwa bomba jipya, plastiki ngumu au chuma cha pua huondoa sehemu kubwa ya wasiwasi tangu mwanzo. Kwa miguu ya tangi, msasa na burashi ya chuma vitangulie rangi. Rangi iliyopakwa juu ya kutu huificha tu machoni, nayo huendelea na kazi yake. Huko Kitui, mafundi wa FundiFix wamekuwa wakilipwa kwa kuhakikisha maji yanatoka badala ya kulipwa kwa kila tengenezo. Majaribio yaliyowatangulia, eneo la Kyuso, yalipunguza muda wa pampu kukaa mbovu kutoka takribani mwezi mzima hadi chini ya siku 3. Familia inayochanga kwa ajili ya marehemu ingeweza kuweka fungu la pili, dogo, kwa kazi hiyo.

Na lipo jambo linaloweza kufanywa kesho kwa bei ya majani ya chai. Chuma kilichoyeyuka majini kikikutana na chai kali ya rangi, huigeuza iwe nyeusi yenye uzambarau, mithili ya wino. Maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha hubeba habari za bomba. Maji yaliyovutwa kwa saa nzima hubeba habari za mwamba. Vikombe vyote viwili vikiwa vyeusi, chuma kimetoka ardhini. Kikiwa cheusi cha kwanza peke yake, bomba linaliwa, na bado upo muda wa kulibadilisha kabla ya kiangazi.

Mlinzi wa kisima aliyeonyeshwa hivyo anaweza kuanza baada ya sala ya alfajiri, kabla ngamia hawajafika. Anafungua maji ya kwanza, anajaza kikombe cheupe, anamimina chai, anakiweka juu ya ukuta chini ya kibao chenye jina la marehemu. Pampu inanguruma. Kengele za mbao za ngamia zinaanza kusikika upande wa vichaka. Jua likiwa limepanda kidogo anajaza kikombe cha pili, anaviweka bega kwa bega, anavitazama kwenye mwanga, kisha anafungua daftari na kuandika tarehe.